Oili ya chapa ya trekta au ya kituo cha mafuta: ipi iingie kwenye injini?

*"Nina John Deere 5075E, mita inasoma saa 1,180 na dhamana imeshakwisha. Nalima mpunga Mbarali, na msimu ukianza nakodisha kwa wenzangu: kulima, kuvuruga majaruba, kuvuta tela. Mpaka sasa nimekuwa nikiweka oili ya chapa ya kampuni tu, ndoo ya lita 20 naipata kwa Sh 340,000. Kituo cha mafuta mjini wana 15W-40 nyingine kwa Sh 200,000. Fundi wangu anasema oili zote ni moja. Jirani anasema injini iliyozoea oili moja ukiibadilishia inakufa. Dereva naye anataka namba 40 kavu kwa sababu ya joto la huku, anadai 15W-40 ni nyepesi mno. Nishike lipi? Na ile inayobaki kwenye ndoo, naweza kuongezea kwenye haidroliki?"*

Ndugu msomaji, umeletewa kauli tatu na zote tatu zina kasoro, ingawa kila moja imetokana na jambo la kweli ambalo nitalieleza. Nianze na jibu lenyewe. Injini yako inaweza kutumia 15W-40 ya kituo cha mafuta bila kudhurika, kwa masharti matatu: ndoo iwe na daraja la ubora la API CI-4 au CK-4 (nitayaeleza hapa chini), iwe halisi, na uimwage kila baada ya saa 250. Namba 40 kavu, yaani oili yenye namba moja tu bila 15W mbele yake, usiiweke. Na kwenye haidroliki usimimine hata nusu lita ya oili ya injini, iwe ya chapa gani. Katika maswali yako yote, hilo la mwisho ndilo linaloweza kukugharimu fedha nyingi zaidi, nami nitalirudia kwa urefu.

Watu wengi huamini kwamba oili yenye jina la trekta imetengenezwa na kampuni ya trekta, kwa hiyo ina kitu ambacho nyingine hazina. Kwa kawaida kampuni ya trekta huandika masharti, kisha kampuni ya vilainishi huchanganya na kufungasha kwa jina hilo. Ambra ya New Holland, kwa mfano, hutengenezwa na Petronas. Hata vile viungo vya kemikali vinavyoipa oili uwezo wake, sehemu kubwa duniani hutoka kwa kampuni nne tu: Lubrizol, Infineum, Afton na Chevron Oronite. Kwa hiyo oili yako ya chapa na ile ya kituo cha mafuta zinaweza kuwa na asili inayokaribiana kuliko rangi za ndoo zinavyoonyesha. Kitabu cha John Deere chenyewe kinaitaja Plus-50 II, oili yao wenyewe, kama chaguo la kwanza, halafu kinaruhusu oili nyingine zilizofikia viwango vya API (vya Marekani) au ACEA (vya watengenezaji magari wa Ulaya) kinavyoviorodhesha. Fungua ukurasa huo kwenye kitabu cha trekta lako, uupige picha, uende nayo dukani.

Hapo ndipo fundi wako anapokosea. Oili zote si moja. Kinachozitenganisha ni herufi na namba zilizochapwa kwa maandishi madogo kwenye lebo, kuliko jina kubwa lililoko mbele. API ni taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Herufi ya kwanza ikiwa C, oili imekusudiwa injini za dizeli. Ikiwa S, ni za petroli. Herufi ya pili hupanda kadiri daraja linavyokuwa jipya. CD ilitoka mwaka 1955. CF-4 ni ya 1990, CH-4 ya 1998, CI-4 ya 2002, na CK-4 ilianza kutumika mwishoni mwa 2016. Kila daraja lilizaliwa kwa sababu injini zilibadilika: turbo zikaongezeka, joto la pistoni likapanda, ringi zikasogezwa juu karibu na moto, na masizi yanayoingia kwenye oili yakazidi. Oili ya CD haikuwahi kupimwa kwa hali hizo. Bado inauzwa, mara nyingi kwa bei ya chini, na injini ya turbo kama yako ikilishwa hiyo haitakufa wiki hiyo. Itajenga kaboni kwenye mifereji ya ringi, ringi zitashika, na baada ya misimu kadhaa utaanza kuona moshi wa bluu huku kila mtu akilaumu dizeli.

Kwa trekta lako, tafuta CI-4 au CK-4. Ukikuta ACEA E7 au E9 pia ni sawa. Ukikuta FA-4 iache, hata kama inaonekana mpya zaidi, kwa kuwa ni nyepesi na ilitungwa kwa ajili ya baadhi ya malori mapya ya barabarani. Na ukikuta ndoo ya 20W-50 iliyoandikwa SL au SN peke yake, bila C yoyote, hiyo ni ya magari ya petroli. Haina akiba ya kutosha ya kubeba masizi ya dizeli.

Angalia pia kitenzi kilichotumika kwenye lebo. "Imeidhinishwa na" maana yake mtengenezaji wa injini aliipokea oili hiyo na kuikubali kwa barua. "Inakidhi" au "inafaa kwa" ni kauli ya muuzaji mwenyewe. Si lazima iwe uongo, lakini uzito wake ni mdogo. Nembo ya duara ya API yenye herufi katikati maana yake kampuni ina leseni, na API wanaweka orodha ya wenye leseni mtandaoni ambapo unaweza kutafuta jina la oili kwa simu yako ukiwa umesimama dukani. Kwa Tanzania, alama ya TBS, shirika la viwango, nayo iwepo.

Sasa dereva wako na namba 40. Anachokiona ni kweli: ukimimina namba 40 kavu asubuhi inashuka polepole, na 15W-40 inashuka haraka. Kosa ni kudhani kwamba tofauti hiyo inaendelea injini ikiwa ya moto. Namba ya mwisho, 40, hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na oili zote mbili zinatakiwa ziangukie kwenye kipimo kilekile: unato (uzito wa oili katika kutiririka) wa sentistoki 12.5 hadi chini ya 16.3. Trekta likiwa katikati ya jaruba, joto limepanda, oili hizo mbili zina uzito uleule. 15W inaeleza asubuhi tu, jinsi oili inavyoweza kusukumwa ikiwa baridi. Mbarali mwezi wa Juni na Julai alfajiri si ya joto, na hapo namba 40 kavu huchelewa kufika kwenye beringi za turbo, ambazo ziko mbali na pampu na huzunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Sekunde chache za turbo kuzunguka bila oili, kila asubuhi, msimu baada ya msimu, ndizo zinazokula ile shafti. Isitoshe, namba 40 nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zina daraja la CD au CF, kwa hiyo ukiichagua unapoteza mara mbili.

Kama dereva anasema oili "inakuwa maji" baada ya muda, usimpuuze. Oili iliyopungua unato kabla ya wakati inaweza kuwa imeingiliwa na dizeli, au ilikuwa feki tangu mwanzo. Dawa yake ni kutafuta chanzo, kwa sababu oili nzito itaficha dalili tu.

Kuhusu jirani anayesema injini "huzoea" oili: chuma hakizoei. Ila kuna hali moja inayozaa imani hii. Chukua Massey Ferguson 290 la zamani lililolishwa oili ya daraja la chini kwa miaka mingi, ndani kumejaa tope jeusi. Ukiliwekea ghafla oili yenye sabuni kali ya CI-4, oili hiyo huanza kuliosha lile tope. Likibanduka huziba filta, na filta ikiziba, vali yake ya dharura hufunguka na oili chafu hupita moja kwa moja kwenye beringi. Mwenye trekta anaona presha inashuka, anasema oili mpya imeua injini. Kwa trekta la namna hiyo, tumia CI-4 lakini uimwage pamoja na filta baada ya saa 50 mara ya kwanza, kisha saa 100, kisha urudi kwenye ratiba. Trekta lako lina saa 1,180 na limekula oili nzuri tangu mwanzo, kwa hiyo halihitaji tahadhari hiyo. Halihitaji pia kuoshwa ndani kwa dizeli kabla ya kubadili chapa. Hilo wengine hulifanya, na dizeli inayobaki kwenye mifereji hupunguza unato wa oili mpya uliyolipia.

Kuchanganya chapa mbili wakati wa kuongeza si hatari pia. Kipimo kikishuka shambani na una 15W-40 CI-4 nyingine, ongeza kuliko kuendelea na oili pungufu. Usiifanye kuwa desturi, kwa sababu kila kampuni hupanga mizani ya viungo vyake, na mchanganyiko hukupa kitu ambacho hakuna aliyekipima.

Kuna jambo moja la dizeli linaloathiri uchaguzi huu. Salfa ikiungua hutoa asidi, na oili hubeba akiba ya kemikali ya kuizima asidi hiyo. Kwenye karatasi za kitaalamu akiba hiyo huandikwa TBN. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo ukijaza kwenye kituo cha kuaminika, CI-4 na CK-4 zote zinakufaa na usipoteze usingizi kuchagua kati yake. Ila dizeli ya madumu kando ya barabara ni habari nyingine. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli ulikuwa umezidi, na mafuta ya taa hukausha pampu ya nozeli na kuharibu uunguaji. Kama wakati mwingine unalazimika kununua dizeli usiyoijua, chukua CI-4 yenye TBN ya 10 au zaidi, na umwage kwenye saa 200.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu hapa wengi hulinganisha bei ya ndoo na kuishia hapo. Injini yako inachukua takribani lita 8.5 pamoja na filta (thibitisha kwenye kitabu chako). Oili ya chapa kwa bei uliyotaja ni Sh 17,000 kwa lita, yaani Sh 144,500 kwa kila kumwaga. Ya kituo ni Sh 10,000 kwa lita, yaani Sh 85,000. Vitabu vya modeli nyingi za John Deere huruhusu saa 500 ukitumia Plus-50 II na filta yao na dizeli safi, na saa 250 kwa oili nyingine. Ukiweza kweli kufika saa 500, oili ya chapa itakugharimu Sh 144,500 na filta moja. Ile ya kituo utaimwaga mara mbili, Sh 170,000 na filta mbili. Ndoo ya bei juu imekuwa nafuu.

Lakini mimi sikushauri uende saa 500 kwa kazi unazofanya, mpaka upime oili. Kuvuruga jaruba ni kazi ya mzigo mzito mfululizo, kuvuta tela barabara ya vumbi kunajaribu filta ya hewa, na trekta la kukodisha huendeshwa na madereva tofauti. Kwa saa 250, oili ya chapa itakula Sh 289,000 kila saa 500, na ya kituo Sh 170,000. Tofauti ni Sh 119,000, ambayo ukiigawa kwa saa 500 ni Sh 238 kwa saa. Hiyo ni chini ya robo lita ya dizeli, kwa trekta linalokunywa lita kadhaa kila saa. Unaokoa, ndiyo, na fedha hiyo ni yako. Ila dereva anayelima akiwa na gia isiyofaa au matairi yasiyo na upepo sahihi anakupotezea zaidi ya hiyo kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo usikubali kuingia kwenye hatari yoyote ya ubora kwa ajili ya Sh 238.

Na hatari kubwa ya ubora hapa kwetu ni feki. Ndoo tupu za chapa zinazojulikana hununuliwa, hujazwa oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi, na kurudi dukani. Feki hufuata jina linalouzika, kwa hiyo oili ya bei juu haiko salama zaidi kwa kuwa ya bei juu. Ndiyo maana swali la nani anakuuzia lina uzito kuliko swali la chapa gani. Kituo cha kampuni ya mafuta kinachouza oili ya kampuni hiyohiyo ni mahali pazuri. Wakala rasmi wa trekta ni pazuri. Duka la spea lenye ndoo ya jina kubwa kwa bei ya chini kuliko kituo cha kampuni yenyewe, pita. Kabla ya kulipa, angalia kama muhuri wa kifuniko haujawahi kunyanyuliwa, kama namba ya toleo iliyopigwa kwenye ndoo inasomeka na haijafutwa na kupigwa tena, kama lebo imekaa bila mikunjo ya gundi. Kampuni kadhaa zina namba ya kukwangua na kutuma kwa simu, itumie. Kupima kwa kusugua kati ya vidole hakukwambii chochote, kwa sababu unato wa vidole hauonyeshi daraja, na oili chafu iliyochujwa inateleza vizuri tu. Ndoo yako ikiisha, chana lebo na uharibu kifuniko kabla ya kuitoa nyumbani. Ile ndoo usiigeuze ya kuchotea maji ya kunywa.

Rangi nayo huwachanganya watu. Oili ya dizeli kuwa nyeusi baada ya saa kumi si dalili ya ubovu. Ndani yake kuna viungo vinavyokamata masizi na kuyashikilia yakielea, ili yasitulie kwenye mifereji. Oili iliyobaki ya dhahabu kwa saa 200 kwenye injini ya dizeli ndiyo ningeiulizia maswali, maana uchafu umekwenda wapi?

Haidroliki sasa. Kwenye trekta lako oili ya nyuma inafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: inalainisha gia za gia boksi na difu, inasukuma mikono ya kunyanyulia jembe, na breki zako zinazama ndani yake. Breki hizo ni sahani zenye tabaka la msuguano, na zinahitaji oili iliyotiwa viungo vinavyoruhusu sahani zishikane taratibu bila kuteleza na bila kurukaruka. Oili ya injini imetungwa kinyume chake: kazi yake ni kuzuia msuguano, na sabuni zake hukaa kwenye tabaka hilo la sahani. Ukiongeza lita tano za 15W-40 huko, huenda wiki mbili zisikuonyeshe kitu. Kisha breki zitaanza kulia na kutetemeka, halafu kuteleza ukiwa na tela lenye magunia kwenye mteremko. Klachi ya PTO (shafti ya nyuma inayoendesha zana) ya aina inayozama kwenye oili nayo itaanza kuteleza na kuungua. Kubadili sahani hizo ni kulifungua trekta nyuma nzima.

Kosa lingine la karibu ni kuweka oili ya haidroliki ya namba 68 inayotumika kwenye mitambo ya kuchimba. Jina linafanana, na inanyanyua jembe vizuri kabisa, lakini haina viungo vya breki zinazozama wala nguvu ya kutosha kwa meno ya gia. Unachotakiwa kutafuta ni oili ya pamoja ya gia, haidroliki na breki, ambayo kwenye lebo huandikwa UTTO. Kwa John Deere namba ya sharti ni JDM J20C, na oili yao wenyewe inaitwa Hy-Gard. Kwa Massey Ferguson utaona M1145 au namba zinazokaribiana nayo, kwa New Holland MAT 3525. Hapa msimamo wangu ni tofauti na ule wa injini. Kama hupati oili ya kampuni inayojulikana yenye J20C iliyoandikwa wazi, nunua ya chapa ya trekta bila kubishana na bei. Daraja za injini zinasimamiwa na API na kupimwa kwa mitambo ya pamoja. Za nyuma ya trekta hazina msimamizi wa namna hiyo, kila mtengenezaji ana sharti lake, na lebo zinazosema "inafaa kwa matrekta yote" ni nyingi kuliko oili zinazostahili maneno hayo.

Kwa mkulima wa mpunga, ongeza na hili: kagua oili ya nyuma kila siku unapovuruga tope. Maji huingia kwenye sili za ekseli na kwenye tundu la kupumulia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, na kubadili oili bila kubadili sili ni kumwaga fedha.

Turudi kwenye injini, uimwage ipasavyo. Iwashe mpaka ipate joto, uisimamishe mahali tambarare, ufungue nati ya chini na uiache ichuruzike dakika 15 au zaidi. Ukitoa filta, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikikaa pamoja, oili yote itamwagika dakika ya kwanza. Paka mpira mpya oili, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko, bila spana. Mimina lita 7.5 kwanza. Washa, usikanyage mafuta, subiri taa ya oili izimike, zima, ngoja dakika kumi, soma kipimo, kisha ongeza kidogokidogo mpaka alama ya juu. Kupita alama ya juu si akiba: kranki itaipiga oili itoe povu, na povu halibebi beringi. Andika saa za mita kwa kalamu ya wino juu ya filta. Filta yenyewe nunua halisi, hata kama umehamia oili ya bei nafuu. Kama saa 250 hazikufika, mwaka ukiisha umwage vilevile. Oili chafu itunze kwenye dumu lenye kifuniko umkabidhi mkusanyaji mwenye kibali, na kamwe isiingie kwenye mfereji unaolisha majaruba.

Ukitaka kujua kwa hakika kama unaweza kupita saa 250, pima oili. Kampuni kubwa za vilainishi na mawakala wa mitambo hupokea sampuli: unavuta kama mililita 100 injini ikiwa bado ya moto, kutoka katikati ya sampu (karai la oili chini ya injini), ndani ya chupa safi kavu, na unaandika saa za trekta na saa za oili. Majibu yakionyesha silikoni imepanda, vumbi linapita kwenye filta ya hewa au bomba lake. Shaba na risasi zikipanda, beringi zinaliwa. Sampuli mbili tatu mfululizo ndizo zenye maana, moja peke yake haitoshi kukupa uamuzi.

Wenye trekta lililo bado kwenye dhamana nawashauri tofauti kidogo. Kutumia oili nyingine yenye sharti sahihi kwa kawaida kumeruhusiwa na kitabu, lakini kukitokea mgogoro ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha ulichoweka. Tunza risiti zenye jina na daraja la oili, na daftari la saa. Kama hutaki usumbufu huo, kaa na oili ya chapa mpaka dhamana iishe. Injini iliyotoka kufanyiwa ovahoo nayo ifuate oili ya kuanzia inayotajwa kwenye kitabu, kwa muda uliotajwa, kwa sababu ringi mpya zinahitaji kukaa kwanza.

Mwisho, kuna mambo ambayo hakuna oili itakayoyatibu, na yakitokea usijaribu kubadili chapa, ita fundi aje alipo trekta. Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa inazunguka, zima papo hapo, usilisogeze hata kufika kivulini. Kipimo kikipanda badala ya kushuka, dizeli au maji yanaingia kwenye sampu. Nusa stiki, na kama inanuka dizeli, fundi akague pampu na nozeli. Oili ya injini ikiwa na rangi ya maziwa huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi au kipoza oili. Ukilazimika kuongeza zaidi ya lita moja kati ya kumwaga na kumwaga, na zamani haikuwa hivyo, pima mgandamizo wa silinda na ukague shafti ya turbo kwa kuitikisa kwa vidole injini ikiwa imezimwa na imepoa. Na kila unapotoa filta ya zamani, ikate kwa kikata filta (si msumeno, maana huacha chembe zake za chuma), ufungue karatasi yake juani. Ukiona chembe zinazong'aa, zifunge kwenye kitambaa safi umpelekee fundi pamoja na filta yenyewe kabla hujawasha tena.